Chang'aa: Pombe ya Kibera iliyokosa chapa

Chang'aa ni pombe kali inayokenekwa kienyeji nchini Kenya, hasa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kama vile Kibera na Kawangware. Malighafi yake kuu ni mahindi, nafaka ile ile inayotumiwa kutengeneza bourbon, wiski ya Marekani ambayo kisheria ni sharti angalau asilimia 51 ya nafaka zake iwe mahindi. Bunge la Marekani liliitambua bourbon kuwa bidhaa mahsusi ya nchi hiyo mwaka 1964. Chang'aa haikujaliwa hadhi hiyo.

Chimbuko la pombe hii mjini Nairobi linahusishwa na Wanubi, askari wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles. Serikali ya kikoloni iliwapa makao mahali walipopaita Kibra, yaani msituni, na eneo hilo likatangazwa rasmi mwaka 1918. Wake zao walikeneka pombe iliyojulikana mjini kote kama "Nubian gin". Wakati huo Waafrika walikatazwa kunywa pombe kali, hivyo biashara hiyo iliwatajirisha baadhi ya wanawake na kuwapa watawala sababu zaidi ya kutaka kuihamisha jamii hiyo.

Utengenezaji wake haujabadilika sana. Unga wa mahindi, kimea na sukari guru au molasi huchachushwa kwa siku kadhaa hadi kuwa kangara. Kangara huchemshwa ndani ya pipa, na mvuke wake hupozwa kwa maji baridi ukawa kinywaji. Ndiyo maana wapishi wengi hupendelea kingo za mito.

Serikali huru iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Marufuku haikuimaliza, iliiondoa tu machoni pa wakaguzi. Baadhi ya wauzaji walianza kuongeza methanoli ya viwandani ili kuipa makali, kemikali ambayo mwilini hugeuka asidi inayoharibu neva za macho na kuua. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki Nairobi baada ya kunywa pombe yenye sumu. Misiba ya aina hiyo ilitokea tena mwaka 2014 katika kaunti kadhaa, na Kirinyaga mwaka 2024.

Mwaka 2004, kampuni ya East African Breweries ilianzisha bia ya Senator Keg, iliyopunguziwa ushuru ili iwavute wanywaji wa kipato cha chini waache pombe haramu. Ushuru ulipopandishwa mwaka 2013, mauzo yake yaliporomoka, na nafuu ikarejeshwa mwaka 2015.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ilifuta ile ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni, ifungashwe katika chupa isiyopungua mililita 250 na kubandikwa onyo la kiafya. Masharti hayo yanahitaji mtaji, jengo na vipimo vya maabara. Mama wa Kawangware mwenye pipa moja, anayelipa karo kwa mauzo ya gilasi, hana hata kimoja. Kwa hiyo mnywaji wake hununua kinywaji kisicho na lebo, huku uhai wake ukitegemea uaminifu wa aliyekipika.