Mdaiwa, Dhahabu na Mdororo wa 1929

Wanafunzi wa fiqhi wanalijua suala hili: mtu amekopa fulusi, kisha thamani yake ikabadilika kabla hajalipa. Je, arejeshe idadi ile ile au thamani yake? Wanachuoni wengi walishika idadi. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imamu Abu Hanifa, aliangalia thamani.

Baada ya 1929 suala hilo liliikabili Marekani nzima. Kufikia 1933 bei za jumla zilikuwa zimeshuka kwa takriban theluthi, na kati ya kila wafanyakazi wanne mmoja hakuwa na kazi. Mkulima aliyekopa zamani ngano ilipokuwa na bei alidaiwa dola zile zile, ila sasa kwa magunia mengi zaidi. (Riba juu yake ni dhulma nyingine.) Mashamba yakapigwa mnada. Tena mikataba mingi ilimpa mdai haki ya kulipwa kwa dhahabu.

Juni 1933 Bunge la nchi hiyo likavifuta vifungu hivyo. Januari 1934 wakia ya dhahabu ikapandishwa kutoka dola 20.67 hadi 35. Vingebaki, mdaiwa wa dola 100 angelipa karibu 169. Uchumi ulikwisha anza kuinuka. Uingereza, iliyoachana na dhahabu 1931, ilitangulia. Ufaransa iliing'ang'ania hadi 1936, ikachelewa.

Hatusemi kuvunja mkataba ni jepesi, kwani Allah (S.W.) ameamrisha mikataba itimizwe, kama alivyoamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Wadai walishitaki, na 1935 Mahakama ya Juu ikawakatalia kwa kura 5 dhidi ya 4. Wale wanne waliona ni kunyang'anya mali za watu.