Ulezi wa wahadhiri wa uuguzi

Ulezi wa wahadhiri wa uuguzi ni uhusiano wa kikazi ambamo mhadhiri mzoefu humshika mkono mwenzake aliye mgeni katika ualimu. Chanzo chake ni jambo linalosahaulika kirahisi: muuguzi hodari wodini si lazima awe hodari darasani. Patricia Benner wa Marekani alieleza mwaka 1984 hatua 5 ambazo muuguzi hupitia kutoka uanagenzi hadi ubingwa; anayehamia chuoni hujikuta karibu na hatua ya kwanza tena. Hutakiwa kutunga mitihani, kuandaa mtaala, kufanya utafiti, na kuwasimamia wanafunzi kando ya vitanda vya wagonjwa, ambako kosa la mwanafunzi humwangukia mgonjwa.

Shirika la Marekani la National League for Nursing, lenye asili yake mwaka 1893, lilitoa tamko kuhusu ulezi huu mwaka 2006, likiwahusisha hata wahadhiri wa siku nyingi. Ugumu hujitokeza mlezi anapokuwa ndiye mkuu anayepima utendaji: mgeni huficha makosa badala ya kuuliza kuyahusu. Kwa sababu hiyo vyuo kadhaa hutenganisha kazi hizo mbili.