Kubana ni rahisi, kuachia ndiyo kazi: historia ya klipu ya tumboni

Hadi miaka ya 1970, mtu aliyetapika damu kwa sababu ya vidonda vya tumbo alibaki na matumaini machache: damu ikatike yenyewe, au apasuliwe. Si kwamba madaktari hawakukiona kidonda. Mwaka 1957, Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Michigan, Marekani, alimeza mwenyewe mpira laini wa nyuzi za kioo unaopitisha mwanga, na tangu hapo tumbo likaanza kuchunguzwa kona baada ya kona. Mwaka 1974, John Forrest na wenzake wa Edinburgh wakaweka mpangilio wa kutofautisha kidonda kinachoruka damu, kinachochuruzika na kilichotulia. Mpangilio huo unatumika mpaka leo. Kilichokosekana ni kifaa cha kuushika mshipa unaovuja.

Mwaka uliofuata, Hayashi na wenzake huko Japani walieleza klipu ya chuma inayopitishwa ndani ya mpira wa kamera hadi kwenye kidonda. Wazo lenyewe si geni. Mpasuaji yeyote hubana mshipa kwa koleo. Lakini koleo la mpasuaji limo mkononi mwake. Klipu hii inaendeshwa kwa waya mwembamba wenye urefu wa mita mbili hivi, ndani ya mfereji ambao katika mipira mingi una upana wa milimita 2.8 tu. Kifaa cha kwanza kilikuwa kigumu kutumia, klipu zake hazikushika vizuri, na madaktari wengi hawakukitumia.

Ugumu wake unaeleweka ukikitazama kwa karibu. Mbele kuna taya mbili za chuma kisichoshika kutu, na nyuma yake kipete kidogo. Katika muundo wa Kijapani uliokuja kuenea, msaidizi akivuta kishikio, waya unazirudisha taya kwenye kipete: kwanza zinapanuka, kisha zinafumba. Akiendelea kuvuta, kipete kinazikaza zisifumbuke tena, na kiungo kinachozishikilia kwenye waya kinaachia kwa makusudi. Hapo ndipo penye mtihani. Kiungo kikiachia mapema, klipu inadondoka kabla haijashika kitu. Kikigoma, klipu iliyokwisha kung'ata nyama inabaki imefungwa kwenye waya, na kuivuta kwa nguvu ni kukichana upya kidonda kilekile. Tena nguvu ya mkono haifiki yote: kila mahali mpira unapopinda, msuguano unakula sehemu yake. Fundi anatakiwa kutengeneza kiungo kinachostahimili kona zote hizo, kisha kikubali kuachia kwa nguvu iliyokusudiwa, wala si kabla yake.

Aliyekifanya kifaa kiwe cha kutegemewa ni Hachisu, pia wa Japani, ambaye mwaka 1988 alichapisha matokeo ya muundo uliorahisishwa. Kutoka hapo klipu ikavuka bahari. Mwaka 1993, Kenneth Binmoeller, Nib Soehendra na wenzao wa Hamburg, Ujerumani, walieleza jinsi walivyozuia damu kwa klipu, na mwaka huohuo wakaripoti jambo jingine: tundu la tumbo lililotokea wakati wa kuondoa uvimbe lilizibwa kwa klipu, bila kumpasua mgonjwa. Hata hivyo, klipu zilipakiwa kwa mkono, moja baada ya nyingine, huku damu ikitoka. Kila dakika ya kupakia ilikuwa hasara ya mgonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja klipu zilizopakiwa kiwandani, za kutumika mara moja na kutupwa. Olympus ilileta QuickClip, Cook ikaleta TriClip yenye taya tatu, na Boston Scientific ikaleta Resolution, ambayo inaweza kufumbuliwa na kufumbwa tena kabla ya kuachiwa. Kwangu mimi, hiyo ya mwisho ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu daktari aliyekosea shabaha alipata nafasi ya kujirekebisha. Taya tatu zilionekana kama uhakika zaidi, lakini hazikuleta uhakika huo: mwaka 2006, Dennis Jensen na wenzake walizilinganisha klipu hizo kwenye vidonda vya mbwa, na Resolution ndiyo iliyokaa muda mrefu zaidi. Shida ya kuizungusha klipu ielekee kidonda iliendelea kuwaumiza vichwa mafundi, maana kugeuza waya mrefu namna hiyo ni kama kusokota mpira wa bustani upande mmoja ukitegemea upande wa pili ugeuke papo hapo.

Wajerumani wa kampuni ya Ovesco, mjini Tübingen, walibuni klipu isiyopita kwenye mfereji. Klipu yao yenye meno, ya mchanganyiko wa nikeli na titani, hukaa kwenye kofia mbele ya kamera, na uzi ukivutwa inajifumba yenyewe. Ripoti ya kwanza ya wagonjwa ilitoka mwaka 2007. Mwaka 2018, utafiti wa wagonjwa 66 waliorudiwa na damu ulionyesha kuwa damu iliendelea au ilirudi kwa asilimia 15.2 ya waliowekewa klipu hiyo, dhidi ya asilimia 57.6 ya waliotibiwa kwa njia za kawaida. Lakini ikishafumba, daktari hawezi kuifumbua tena kama Resolution.

Si kila damu ni ya klipu. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo huharibu ini na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula, tiba ya mishipa hiyo ni pete za mpira.

Klipu nyingi hung'oka zenyewe baada ya siku au wiki kadhaa na kutoka na choo, ila nyingine hukaa miezi. Ukiwekewa, omba jina la klipu na tarehe viandikwe kwenye cheti chako, na ukitakiwa kufanyiwa kipimo cha MRI, onyesha cheti hicho kabla hujaingia kwenye mashine. Baadhi ya klipu, hasa za zamani, haziruhusiwi humo.