Ulaji wa protini kupita kiasi

Ulaji wa protini kupita kiasi ni kula protini nyingi kuliko mwili unavyoweza kuitumia. Huwapata zaidi wanaonyanyua vyuma ili kutunisha misuli. Mtu mzima hutosheka na takriban gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Anayefanya mazoezi mazito huhitaji karibu gramu 1.6, yaani gramu 112 kwa mwenye kilo 70. Ukizidi hapo misuli hufaidika kidogo mno, waseme watakavyo wauza unga wa protini.

Mwili hauna ghala la protini. Ziada huvunjwa kwenye ini, nitrojeni yake ikageuka urea na kutolewa na figo kwa mkojo. Kinachobaki huchomwa kuwa nishati au huwekwa kama mafuta, na mlaji akaota kitambi badala ya kifua. Figo zenye afya humudu kazi hiyo, wala haijathibitika kwamba huharibika kwa ajili yake. Hatari ni kwa mwenye figo dhaifu, na wengi wa hao hawajijui, maana ugonjwa wa figo hukaa kimya kwa muda mrefu.

Kero za kila siku hutokana zaidi na kilichoondolewa sahanini. Anayeacha maharage, matunda na mboga akabaki na mayai na kuku hupata choo kigumu; anayeacha kabisa ugali na wali hunuka mdomo. Unga wa maziwa huleta gesi na kuhara kwa wasiomeng'enya laktosi, nao ni wengi miongoni mwa watu wazima wa Afrika. Maini, nyama nyekundu na dagaa huchochea jongo kwa mwenye asili yake. Mayai na maziwa hayana lawama hiyo.

Kisa mashuhuri ni cha Vilhjalmur Stefansson, mpelelezi wa Aktiki. Mwaka 1928, katika hospitali ya Bellevue, New York, alilishwa kwa majaribio nyama tupu isiyo na mafuta. Baada ya siku chache alishikwa na kichefuchefu na kuhara. Alipoongezewa mafuta, akapona.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu apime figo kabla ya kuongeza protini. Anayetumia kreatini, kirutubisho cha wanaonyanyua vyuma, amwambie daktari, kwani huweza kupandisha kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, hata figo zikiwa nzima.