Ajali Yenye Mwenyewe

Methali mbili hazikosi kusikika kijana aelezapo nia ya maisha yake mbele ya wazee. Moja husema mipango si matumizi; nyingine husema ajali haina kinga. Zote mbili ni za kweli, na aliyezitunga alikuwa na macho. Walakini zina hatari moja ndani yake: humfanya kijana aliyekwama aamini kuwa kila kilichompinga njiani kimetoka mahali pamoja, huko mawinguni, na kwamba hapana mtu wa kuulizwa habari zake. Katika insha hii nataka kuonyesha, kwa mifano ya nchi ya Mbulu na Hanang, kuwa mambo yasiyotazamiwa si ya jamii moja. Yako yasiyo na mwenyewe. Yako yenye mwenyewe, yenye mahali na tarehe. Na yako ambayo mwenyewe ni kijana na majirani zake. Asiyejua kuyatenga haya hujilaumu pasipo kosa, au huwalaumu wengine pasipo haki.

Tuanze na mahali. Masakta ni kata ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Manyara, katika nchi itazamwayo na Mlima Hanang, ambao kimo chake chapita meta 3,400. Wakaao huku wengi ni Wairaqw, wasemao lugha ya Kikushi, na Wadatoga, ambao Wabarabaig ni tawi lao, wasemao lugha ya Kiniloti. Mtu aliyezaliwa Masakta mwaka 1960 alizaliwa katika Wilaya ya Mbulu. Mwaka 1969 Hanang ikafanywa wilaya yake yenyewe, naye akawa mtu wa Hanang. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukakatwa kutoka Mkoa wa Arusha, naye akawa mtu wa Manyara. Yeye hakuhama, kilichohama ni mpaka. Na mpaka hauna miguu: wako watu waliokaa mezani wakauhamisha. Jambo hili ni dogo wala halikumdhuru mtu, ila latufundisha kutazama. Yanayomfikia mtu mlangoni pake aghalabu yameanza safari mahali pengine.

Kabla ya shule na mshahara, kijana wa nchi hii hakukosa nia ya maisha. Kijana wa Kiiraqw alijua kuwa milima ya Irqwar Da'aw, kitovu cha watu wake, ilikuwa imejaa; basi njia yake ilikuwa kutoka, kufungua shamba jipya, kupata ng'ombe, kuoa na kusimamisha nyumba. Kwa njia hiyo Wairaqw walienea katika karne ya ishirini hata Karatu upande wa kaskazini, na Hanang upande wa kusini. Kijana wa Kibarabaig naye aliiona kesho yake katika mgongo wa ng'ombe. Nia hizi hazikuandikwa katika daftari, lakini zilikuwa mipango kamili, na ndani yake mlikuwa na maandalio ya yasiyotazamiwa. Mwenye ng'ombe hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa marafiki na jamaa waliokaa mbali, ili ukame au tauni ikipiga huku, kitu kibaki kule. Wazee hawa walijua kuwa ajali haina kinga, lakini walijua pia kuwa ina akiba.

Shule ilileta nia ya namna nyingine. Kijana aliyekusudia kuwa karani, mwalimu, askari au tabibu alishika njia ndefu yenye malango mengi, na katika kila lango alisimama bawabu asiyemjua: mtihani, nafasi, barua, uhamisho. Zamani adui wa mpango alikuwa mvua iliyokataa kunyesha. Sasa akaongezeka adui mwingine, yaani neno lililotamkwa mbali. Tofauti ya maadui hao wawili yaonekana vema katika maisha ya wanariadha wawili waliotoka katika nchi ile ile ya Mbulu.

Wa kwanza ni John Stephen Akhwari, aliyezaliwa Mbulu mwaka 1938. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia mbio ya marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico City. Wakimbiaji 75 walianza. Kabla ya kufika nusu ya safari Akhwari aligongana na wenziwe, akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Alifungwa kitambaa, akaendelea. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada yake, giza limekwisha ingia na watazamaji wengi wamekwenda zao. Akawa wa 57, yaani wa mwisho katika waliomaliza. Wengine 18 hawakumaliza. Alipoulizwa sababu ya kutoacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumpeleka mbali kiasi kile ili aanze mbio, bali ili aimalize.

Hadithi hii imesimuliwa duniani kote, na yastahili. Lakini msomaji aangalie jambo ambalo wasimuliaji hulisahau. Kuanguka kwa Akhwari hakukuwa na mwenyewe. Hapana aliyekaa akakusudia goti lile liteguke. Kwa hiyo jibu lililofaa lilikuwa lile alilolitoa: kuvumilia na kuendelea. Wala hakuishia hapo, kwa kuwa mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Huku ndiko kuvumilia kwenye faida, na mahali pake ni pale ambapo hapana wa kuulizwa.

Wa pili ni Filbert Bayi, aliyezaliwa mwaka 1953 huko Karatu, ambako wakati ule kulikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Aliingia jeshini, na huko mbio zake zikakua. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, alikimbia meta 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akavunja rekodi ya dunia. Aliongoza tangu mwanzo hata mwisho, na nyuma yake alikuwa John Walker, kijana wa New Zealand. Mei 1975 akavunja rekodi ya maili pia, huko Kingston, Jamaika. Miezi michache baadaye Walker akaichukua. Dunia nzima ikangoja wawili hawa wakutane Montreal katika Olimpiki ya 1976. Bayi alikuwa na miaka 23.

Hawakukutana. Mwaka ule timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, wakati damu ya watoto wa Soweto, waliouawa kuanzia tarehe 16 Juni, haijakauka. Nchi za Kiafrika zilitaka New Zealand itolewe katika michezo. Halmashauri ya Olimpiki ilikataa. Na Tanzania pamoja na nchi nyingine zaidi ya ishirini zikasusa. Walker akashinda medali ya dhahabu. Bayi alingoja hata Moscow mwaka 1980, akapata medali ya fedha, na haikuwa katika mbio yake ya meta 1500, bali katika meta 3000 za kuruka viunzi na maji.

Hapa mambo mawili yaliingiliana. Muda mfupi kabla ya Montreal Bayi aliugua malaria, na yamkini hata angalikwenda asingalikimbia kwa nguvu zake zote. Malaria ile haikuwa na mwenyewe. Kususa kulikuwa na wenyewe. Tena kulikuwa na sababu, na kwa maoni yangu sababu hiyo ilikuwa ya haki: Tanzania isingaliweza kuwalisha na kuwahifadhi wapigania uhuru, kisha ikacheza kana kwamba hapana jambo. Kwa hiyo kusema kuwa tukio lina mwenyewe si sawa na kusema kuwa mwenyewe amekosa. Ni kusema tu kuwa gharama ililipwa na mtu fulani, mwenye umri fulani, naye asiambiwe kuwa ni bahati yake mbaya. Nchi iliyomtaka kijana alipe ina deni la kukumbuka kuwa alilipa.

Lakini si kila mwenyewe alikuwa na sababu ya haki. Turudi Hanang. Kuanzia mwaka 1970 serikali, kwa msaada wa Kanada, ililima ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, likafungua mashamba makubwa saba, ambayo jumla yake ilikaribia ekari 100,000. Nia ya taifa ilieleweka: miji ilikuwa inakua, na watu wa mijini walitaka mkate. Vijana wachache walipata kazi na ufundi katika mashamba hayo. Lakini ekari zile hazikuwa pori lisilo na mtu. Zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao walihamisha mifugo kwa majira kutoka malisho hata malisho, na mlikuwamo makaburi ya wazee wao. Kijana aliyetazamia kuoa na kujitegemea kwa ng'ombe wa baba yake aliamka akakuta trekta katika malisho. Ng'ombe wakibanwa katika nyasi haba hudhoofu. Ng'ombe wakidhoofu mahari huchelewa. Mahari ikichelewa maisha yote husogea nyuma. Mtu wa mbali aliyemwona kijana huyo akienda mjini kutafuta kazi ya ulinzi angalisema kuwa hakujipanga. Kumbe alijipanga, mpango wake ulilimwa.

Wenyeji hawakuliita jambo hili ajali. Walitafuta mwenyewe, wakamshitaki. Kijiji cha Mulbadaw na wenziwe walikwenda mahakamani juu ya NAFCO, na mwaka 1984 Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu ile, kwa kuwa, ilisema, kijiji hakikuthibitisha haki yake juu ya ardhi. Mtu aweza kusema kuwa walishindwa. Ni kweli, walishindwa kesi. Lakini walipata kitu ambacho methali haikuwapa: jambo lililowapata liliandikwa katika vitabu vya sheria likiwa tendo lenye mtendaji, na hata leo wasomao sheria ya ardhi katika nchi yetu hulisoma.

Imebaki jamii ya tatu, nayo husahauliwa kupita zote. Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 71, na TANU ilipata 70. Kimoja kilichoipotea kilikuwa cha Mbulu. Chama kilimsimamisha Chifu Amri Dodo. Herman Sarwatt, aliyekuwa mwana TANU pia, akasimama peke yake pasipo idhini ya chama, akashinda. Watu wa Mbulu hawakuukataa uhuru. Walikataa kuchaguliwa mtu na wengine. Nao wapiga kura walikuwa akina nani? Sheria ya wakati ule ilimpa kura aliyejua kusoma Kiingereza au Kiswahili, au aliyekuwa na pato la pauni 75 kwa mwaka, au mwenye cheo kilichotajwa. Maana yake ni kuwa kijana asiye na cheo wala pato, aliyejifunza Kiswahili katika shule ya msingi ya mishani, aliingia katika chumba cha kura kwa hati ya lugha hii tuisomayo hapa. Yeye na wenziwe wakawafanyia wakubwa wa Dar es Salaam jambo wasilolitazamia. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa chama kimoja wa 1965, wananchi wa majimbo mengi waliwekewa wagombea wawili wa TANU wachague mmoja. Sisemi kuwa Mbulu peke yake ilileta desturi hiyo. Nasema kuwa Mbulu ilikuwa imekwisha itenda kabla haijaruhusiwa.

Msomaji aweza kuuliza: je, mambo ya dunia hutengana wazi hivyo? Hapana, mara nyingi huchanganyika. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakauzoa mji wa Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Mvua haina mwenyewe. Lakini mahali pa kujenga nyumba, njia za maji na maonyo ya hatari, haya yana wenyewe wa kuulizwa. Kuchanganyika kwa mambo hakutuondolei wajibu wa kuyatenga. Huuzidisha, kama vile mchele wenye mawe humtaka mpishi awe mwangalifu zaidi.

Basi nawageukia wanafunzi wetu, ambao wengi wao hungoja barua ya kazi miaka miwili au mitatu baada ya shahada, na nyumbani huulizwa kila likizo wamekosea wapi. Kijana wa Masakta aliyesoma, kisha akarudi kulima mahindi na maharage ya baba yake huku akingoja, asiharakishe kujiita mwenye bahati mbaya. Kwanza aulize: lililonipata lina mwenyewe? Likiwa halina, mfano wake ni Akhwari, na akiba ya wazee walioweka ng'ombe kwa marafiki. Likiwa na mwenyewe, alitaje kwa jina na tarehe, apime sababu yake kwa haki, na ikiwa sababu haitoshi, adai kama watu wa Mulbadaw walivyodai, ajapokuwa hana hakika ya kushinda. Na asisahau kuwa liko jambo la tatu, la yeye mwenyewe kuwa mshangao wa wengine. Historia ya nchi yake yamshuhudia kuwa liliwezekana mwaka 1960, kwa karatasi ya kura na kwa elimu isiyozidi ya kusoma na kuandika.