Ramli na Namba Nasibu: Kutoka Mchangani hadi Kwenye Kompyuta

Mwanafunzi wa programu akitakiwa kujaza jedwali kwa namba nasibu, yaani namba zisizotabirika, huandika mstari mmoja tu. Katika Fortran 90, amri ya random_number hujaza jedwali zima kwa mkupuo. Wengi huiona kazi hii kuwa ngeni kabisa kwetu. Insha hii inadai kwamba wasemaji wa Kiswahili, kuanzia Lamu hadi kwetu Namoto, kusini mwa mto Ruvuma, wanaijua kazi inayofanana nayo kwa jina la ramli.

Ramli ni neno la Kiarabu lenye maana ya mchanga. Elimu hiyo ilienea katika nchi za Kiislamu, ikafika Ulaya kwa tafsiri za Kilatini katika karne ya 12. Ilifika pia Madagascar, ng'ambo ya bahari yetu, ambako huitwa sikidy na hutumia mbegu za mti.

Mpiga ramli hutia nukta mchangani haraka haraka, bila kuzihesabu, katika mistari 16. Kisha hufuta mbili mbili hadi kila mstari ubaki na nukta moja au mbili. Kila mistari minne huwa umbo moja, na maumbo manne hayo huitwa mama. Hapo nasibu imekwisha. Mabinti wanne hupatikana kwa kuwasoma mama kwa upande badala ya wima. Yaliyobaki hupatikana kwa kujumlisha maumbo mawili mawili, hadi umbo la 15, hakimu. Mama wanaweza kupangika kwa njia 65,536, lakini jumla ya nukta za hakimu ni shufwa daima. Ikiwa witiri, hesabu imekosewa.

Kompyuta nayo huanza na namba moja, iitwayo mbegu, kisha hufuata kanuni. Mwaka 1949 D. H. Lehmer alipendekeza kanuni ya kuzidisha, kugawanya na kuchukua baki. Kanuni ikiwa mbovu, jedwali hudanganya. RANDU, iliyotumika sana kwenye kompyuta za IBM miaka ya 1960, ilionekana nzuri. Lakini namba zake zikipangwa tatu tatu kama nukta angani, zote hulala juu ya bapa 15 tu. Mwaka 1968 George Marsaglia alionyesha kwamba kanuni za jamii hiyo zote zina kasoro ya aina hii.

Je, basi ramli na kompyuta ni kitu kimoja? Hapana. Januari 2015 Serikali ya Tanzania ilitangaza marufuku dhidi ya wapiga ramli chonganishi, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino. Nukta zenyewe hazimtaji mtu. Anayetaja ni mfasiri. Na mchanga ukishafutwa, aliyetajwa hana pa kukatia rufaa, kwa sababu nukta zile hazirudi tena. Kwenye kompyuta, mtafiti akitaja mbegu na kanuni yake, mtu mwingine hulipata jedwali lile lile na kulikagua. Ndiyo maana RANDU iligunduliwa.

Kwa hiyo tofauti kubwa kati ya mambo haya mawili haiko kwenye hesabu, kwani hesabu ya ramli ni safi. Iko kwenye haki ya mtu mwingine kurudia na kuuliza.