Asidi amino na misuli baada ya upasuaji

Asidi amino ni vijenzi vya protini. Mwili wa binadamu hutumia aina 20, na kati ya hizo 9 hauwezi kuziunda wenyewe. Sharti zitoke kwenye chakula. Mgonjwa aliyetoka chumba cha upasuaji, awe mama aliyejifungua kwa upasuaji mjini Homa Bay au mchimba dhahabu wa Macalder, Migori, aliyeungwa mfupa wa paja, huzihitaji ili kidonda kifunge na kinga ifanye kazi.

Zisipoletwa na chakula, mwili huzichota kwenye misuli. Baada ya kupasuliwa, homoni za kotisoli na adrenalini hupanda, insulini hupungua nguvu, na protini za misuli huvunjwa kwa kasi. Asidi amino zinazotoka humo huenda kwenye ini kutengeneza sukari na protini za kinga, nyingine huenda kidondani. Nitrojeni inayobaki asidi amino zinapovunjwa hutoka kwa mkojo. Kwa kupima mkojo huo miaka ya 1930, mtafiti David Cuthbertson wa Glasgow alionyesha kuwa aliyevunjika mguu hupoteza nitrojeni nyingi mno isiweze kuwa imetoka kwenye jeraha peke yake. Misuli ya mwili mzima ilikuwa ikiyeyuka.

Miongozo ya lishe ya wagonjwa wa upasuaji hupendekeza takriban gramu 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 basi ahitaji gramu 90. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi hakitoi hata gramu 5, tena protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya zile asidi amino 9. Kumweka mgonjwa kwa uji na chai ya rangi siku kadhaa, kwa nia njema kabisa, ni kumwacha ajile mwenyewe.

Na dawa ni samaki wa ziwani! Omena waliokaushwa wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, zikiwa na asidi amino zote 9. Kipande cha gramu 100 cha mbuta au ngege aliyepikwa hutoa gramu 20 hivi. Kati ya Aprili na Julai, uvuvi wa omena unaposimamishwa upande wa Kenya, yapo mayai (gramu 6 kila moja), maziwa, na maharagwe, ambayo lisini yake hufidia upungufu wa ugali.

Asidi amino iitwayo lusini ndiyo huuamsha msuli uanze kujijenga, na mlo wenye gramu 25 hadi 30 za protini huwa na lusini ya kutosha. Wazee huhitaji zaidi, kwa kuwa misuli yao huitikia kwa shida. Lakini chakula bila mwendo hakitoshi: msuli uliolazwa hunyauka hata ukilishwa, ndiyo maana wauguzi huhimiza mgonjwa asimame mapema.

Virutubisho vya dukani visichukuliwe kiholela. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa wagonjwa mahututi waliopewa asidi amino iitwayo glutamini kwa wingi walikufa zaidi ya wenzao. Mwenye ugonjwa wa figo naye apangiwe kiasi chake na daktari. Kwa wengine, jamaa wanaobeba chakula wodini wamuulize muuguzi lini mgonjwa aruhusiwa kula, kisha waje na samaki.